Mita Sita ya Waya Nyekundu

Kisangani, tarehe 19 ya mwezi wa sita, 2000

Kwako yaya Mumbere, kaka yangu mukubwa, kule Butembo,

Nakusalimia na mikono yote mbili, na ninasema vile makusudi, juu huku kwetu kuna watu wengi sasa wenye wanasalimia na moja. Mama anaendelea namna gani na magoti yake? Na bibi yako Kasoki, na watoto, na ile mbuzi yenye ilikula diploma yangu ya umeme? Diploma ilikuwa ya miezi tatu tu, lakini mbuzi aliitafuna kama ya miaka tano, nilimupenda kwa ile heshima. Sisi huku tuko wazima. Bibi yangu Fortunée iko, mimi niko, sufuria mbili ziko. Nyumba haina tena paa, lakini mvua ya Kisangani iko na adabu, inaanzia kwenye kiti ya wageni.

Mbele sijaendelea, yaya, nakuomba kitu moja. Leo magaribi usifunge ile mulango ya dépôt, gala yako ya kahawa, yenye nilikutengenezea mwaka jana. Célestin, huyu mwenye anakuletea barua, aliniambia kama munalala mule ndani kila siku, wewe, Kasoki, mama na watoto, juu ya kuogopa watu wa bunduki. Acha mulango wazi mpaka umalize kusoma hii barua yote. Na usinikasirikie mbele ya kufika mwisho. Pale mwisho utakasirika vizuri.

Bon. Unakumbuka namna nilikuja kwako na kifua mbele, na viatu ya ncha, nikakuambia kama katika Kongo yote hakuna mutu mwingine mwenye anajua kufunga mulango kama mimi. Ile akili ilizaliwa hapa, kwa papa Hubert. Ni mufanyabiashara wa kwetu, wa Lubero, iko na nyumba ya orofa hapa commune ya Kisangani: chini dépôt ya chumvi na sabuni, juu magodoro ya mousse, ile sponji, mpaka kwenye plafond, dari kabisa. Askari walimupora mwaka wa 91, wakamupora tena 93, na mara ya pili ni wafanyakazi wake mwenyewe walifungua kwa ndani. Tangu siku ile papa Hubert hakupenda tena kusikia neno kufungua. Madirisha ya dépôt aliziba na matofali. Mulango aliweka ya chuma.

Alafu akaleta toka Kampala rouleau ya waya nyekundu, imeviringishwa kama kamba. Wewe uliiona, ya kwako ni ya namna ile ile. Katika majengo makubwa ya inchi za inje wanaitumia kwa kengele ya moto na milango ya kukimbilia. Ndani yake kuna kitu kama jiwe nyembamba imezungushwa kwenye shaba, moto inaweza kuilamba masaa mbili na umeme unaendelea kupita kama hakuna neno. Nyumba yote inaungua lakini kengele inalia, watu wanasikia, wanatoka. Papa Hubert akaniuliza kama ni kweli kule inje mulango inafunguka yenyewe wakati wa moto. Nikamujibu ndiyo. Akasema basi mwizi anahitaji kiberiti tu.

Yaya, pale ndipo kichwa yangu iliniponza. Nilicheka, nikamupiga papa kwenye bega, nikamwambia aniachie. Kule kwa wenzetu sumaku inashika mulango, na moto ikija, kengele inakata umeme, sumaku inaachilia. Mimi nikatoa kengele kwenye hesabu. Nikaweka batri za camion, za lori kubwa, katika kijumba ya matofali mbili mbili pale uani, nikapitisha waya nyekundu juu, ndani ya plafond, pa magodoro, mpaka inashuka ndani ya ukuta na kufika kwa sumaku. Moto iwake namna inapenda, umeme inapita, mulango inabaki imefungwa. Bouton ya kubonyeza kwa ndani? Papa Hubert hakutaka. Ya kufungulia iko moja tu, kwenye batri, na sentinelle Emile, mulinzi wake, anakaa nayo pale. Nilizunguka nganda zote za pombe za muji kutangaza kama moto yenyewe itabisha hodi kwa mulango ya Clovis na itaambiwa irudi kesho. Watu walinilipia pombe juu ya ile neno. Wale wenye walifikiri waya walitaka kuokoa watu, mimi nikaigeuza kwa kuokoa sabuni, na nikapigiwa makofi.

Bon, tarehe tano ya huu mwezi, Warwanda na Waganda wakaanza kupigana ndani ya muji yetu, kama vile kwao hakuna uwanja. Obus, zile bomu za mizinga, zilikuwa zinapita juu yetu kwenda na kurudi. Papa Hubert akatuma kutuita, akasema kuta zake ni nene. Tuliingia watu tisa: yeye na mama Élise bibi yake, mimi na Fortunée, na majirani wawili wa ile avenue pamoja na watoto wao watatu. Kila asubuhi, wakati kelele inapunguka, Emile alikuwa anakata umeme, mulango inaachilia, tunatoka mbio kuchota mayi na kufanya haja, tunarudi, anatufunga tena. Siku tatu tuliishi vile. Nilikuwa nawachekesha. Niliwaambia tuko ndani ya coffre-fort, ile sanduku ya chuma ya banki, sisi ndio almasi. Watoto walianza kuitana karati ngapi.

Siku ya ine, saa sita ya mchana, obus ikaanguka uani. Masikio yakaziba. Kisha tukasikia Emile analalamika, sauti inaenda mbali, inaenda mbali, na tukajua ametoka kutafuta mutu wa kumufunga kidonda. Simulaumu, mguu ilikuwa inamwaga damu. Kijumba ya batri ilibaki imesimama, juu niliijenga vizuri. Mutu wa kujisifu anajenga vizuri, shida iko pale pale. Alafu kule juu tukasikia sauti kama mutu anakaanga mafuta. Magodoro.

Moshi ya mousse, yaya, haina rafiki. Iliingia kupitia ngazi, nyeusi, inakamata koo kama mukono. Tukamwaga bidon ya mayi kwenye vikwembe za wanawake, tukaziba kinywa ya ngazi, pale chini na pale juu, tukalala kifua kwenye simenti. Na pale watu wote wakageuza sura kwangu. Hakuna mwenye alinitukana, na ile iliniuma kupita matusi. Papa Hubert akaniuliza polepole, kama mutu mwenye anauliza saa ya bateau kuondoka kwenye mto, eti ile waya ya akili yako inakufa kisha wakati gani. Nikasema masaa mbili. Nilikuwa nimewaambia wote masaa mbili, mara mia, na glasi mukononi. Mama Élise akasema watoto hawana masaa mbili. Akasema vile tu, na akaanza kuwafunika pua na kikwembe yake mwenyewe. Fortunée alinishika kidole moja, hii ya shahada, na aliishika tu.

Nilichukua kisu nikajifanya nafungua vis, zile skurubu za bawaba. Ziko zimeunganishwa na soudure, chuma imechomelewa na chuma, ni mimi niliziunganisha. Lakini mutu akikutazama vile, lazima mukono ifanye kazi. Nilikuna chuma, nilipiga, nilitukana mulango kwa kiswahili, kwa lingala na kwa kinande, na watoto wakacheka kidogo huku wanakohoa. Na ndani ya roho nilikuwa naomba. Wote waliomba moto izimike. Mimi peke yangu niliomba iendelee. Nilikuwa namwambia Mungu asukume moto upande wa mto, mita chache tu, pale kona ya magodoro ya watu wawili, nimushukuru maisha yangu yote.

Sijui ilikuwa dakika ngapi. Mutoto mudogo alikuwa ameacha kukohoa, na mama yake alikuwa anamutikisa. Alafu, tak. Kitu ndogo, kama ulimi kwenye meno. Nilikuwa nimeegemea, nikaanguka inje na mulango na kisu yangu mukononi, uso kwenye matope ya uani, na watu wanane wakapita juu ya mugongo yangu. Yule mutoto alilia pale kwenye hewa. Sijasikia muziki kupita ile.

Sasa, yaya, huku mimi ni mutu mukubwa. Papa Hubert alinikumbatia mbele ya watu na kuniita injeniere, na anaeleza muji yote namna Clovis alivunja sumaku ya kilo mia tano na kisu ya kukata mukate. Dépôt imeungua juu, sabuni imekuwa mto, lakini yeye anaonyesha watu tisa na kuwahesabu na kidole. Wafanyabiashara watatu walikuja tayari kuniomba mulango kama ile, juu wanasema hata ikikwama, Clovis anajua kuifungua. Nakula kwao, nakunywa kwao. Kila glasi inapita kama mwiba. Mule ndani ya dépôt nilikuwa na ukuta ine. Sasa kila mutu mwenye ananisifu anaongeza ingine.

Sikiliza ukweli, na wewe ndiye wa kwanza kuisikia. Sikufungua kitu. Wakati wa ile kazi, sister Annette wa maternité, pale wamama wanazalia, alikuja kunililia. Waya ya taa ya chumba yao inapita juu ya makaa yenye wanachemushia vyombo, kila mwezi inayeyuka, na wamama wanazaa na mushumaa. Nikakata mita sita kwenye rouleau ya papa Hubert, nikamupa, nikamwambia ni zawadi yangu. Unanijua, napenda kutoa, hata kama si yangu. Kwa papa Hubert ikapunguka. Basi pale kona ya magodoro ya watu wawili nikaunga waya ya kawaida, ile nyeupe ya sokoni, na ili isionekane nikaipaka vernis nyekundu ya kucha ya Fortunée, chupa mbili nzima. Nilimwambia zimemwangika. Papa Hubert alipanda akatazama, akasema safi. Ni ile waya ya uongo iliungua. Kama ningekuwa fundi mwenye haki, tungekuwa tumekufa wote tisa, na mulango yangu imefungwa safi kabisa.

Na sasa naongea na wewe. Mwaka jana, wakati nilikuja Butembo, nilijiambia huyu ni damu yangu, kwake sitafanya ujinga. Kwako nilinunua rouleau ingine mpya, nikapitisha waya nyekundu toka batri mpaka sumaku, yote, bila kuunga pahali. Kwako sikuiba hata sentimetre moja, yaya. Ndiyo sababu silali.

Sentinelle wako ni mutu kama Emile, iko na mguu na damu. Usimutegemee. Chukua pince, ile koleo yenye mukono ya mubao, panda kwenye magunia ya kahawa, pale waya inatoka kwa ukuta, mwambie sentinelle kwanza akate umeme kwenye batri, alafu wewe ukate waya. Usiungojee ushauri ya mutu. Weka komeo ya kawaida kwa ndani, ya chuma, pa chini, yenye hata mutoto wako wa mwisho anaweza kuvuta. Kama wezi watachukua kahawa, wachukue. Papa Hubert nitamwambia mwenyewe siku ya mungu, kisha misa. Wale watatu nitawaambia mbele yake.

Musalimie mama, umwambie Clovis bado anasema sana. Musalimie Kasoki na watoto mmoja mmoja kwa jina. Fortunée anakusalimia, ananitazama naandika, na ametazama kucha zake, na nafikiri amekwisha jua. Hii barua anaibeba Célestin, amepata nafasi kwenye ndege ya mizigo mpaka Beni. Nimemukataza kuonja pombe mbele ya kukupa.

Ukisha kata, umupe Célestin kipande ya ile waya, hata urefu wa kidole, aniletee. Nitangojea ile kupita barua. Na usijaribu kunitumia ingine yenye umepaka rangi. Mimi ile kazi naijua.

Mudogo wako mwenye anakupenda,

Kambale Clovis, fundi wa waya