Sweta la Bibi na Dawa ya Nondo

Makambako,
Jumamosi jioni

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Kamwene kwa wote hapo Matamba. Mgongo unaendeleaje, na mtoto bado anacheza tumboni? Mimi ni mzima hapa kwa Shangazi, na masomo yanakwenda vizuri.

Nimekupigia tangu asubuhi, simu haipatikani. Kwa kuwa Baba Mdogo anakuja huko kesho, nampa barua hii. Tafadhali isome kabla hujafungua sanduku la nguo za mtoto.

Shangazi alinituma nikununulie dawa nyingine ya nondo, kwa sababu ulisema ile ya zamani inakaribia kuisha. Nikaingia kimakosa duka la vifaa vya ujenzi, nikaulizia ya nondo. Muuzaji akauliza, "Nondo za milimita ngapi?"

"Dawa ya nondo, wale wadudu wanaokula nguo, kaka."

"Dada, nondo zangu hazili nguo. Labda zikuangukie mguuni!"

Watu wakacheka, nami nikatoka nikicheka. Kwenye duka la dawa, mama anayeuza aliniuliza nahifadhi nini. Nikamsimulia kwa fahari kuhusu sweta la sufu alilofuma marehemu Bibi, nililovaa mimi, akavaa mdogo wangu Tumaini, na sasa linamsubiri kichanga wetu. Akairudisha kwenye rafu pakiti ya vidonge vyeupe vya nondo.

"Mwanangu, nguo za mtoto mchanga usizitie vidonge hivi. Hiyo harufu yenyewe ndiyo sumu."

Alisema inaweza kuharibu damu ya mtoto mchanga, akawa wa manjano na kuishiwa nguvu. Mama, najua unaipenda harufu hiyo. Tukinukia hivyo kanisani, watu hujua tumevaa nguo za sanduku. Mimi pia niliidhani ni harufu ya usafi.

Naomba nguo zote za mtoto zitolewe, zianikwe nje kwenye jua na upepo kwa siku kadhaa, zifuliwe, zikauke kabisa. Zikiendelea kunuka, asivalishwe. Nimekutumia shali mpya kutoka kwa Shangazi, iwe akiba. Baadaye nguo safi zifungwe kwenye mfuko usiopitisha hewa, bila dawa. Vidonge vilivyobaki kwenye nguo za wakubwa vikae ndani ya sanduku lenye kifuniko kinachobana, mbali na chumba cha kulala, na visiwekwe kamwe kwenye mahindi. Tumaini huita kila kitu cheupe cha mviringo pipi, basi ufunguo ukae kwako. Pipi zake anazo Baba Mdogo.

Nisalimie Baba, na Mama Mkubwa atakayekusindikiza hospitali. Mwambie namtegemea.

Usihuzunike kwa ajili ya sweta. Shangazi ameanza kunifundisha kufuma. Nondo wakilitoboa, nitaliziba nikifunga shule, nimempakata mdogo wangu mpya. Sufu naweza kuifuma upya, Mama; damu yake siwezi.

Binti yako akupendaye,
Agnesi