Damu Bado Inawaka

Jumatatu, 6 Novemba

Walinikata Alhamisi. Leo ndiyo kalamu inakaa mkononi. Kipande cha utumbo mpana kimeondoka — kiko wapi sasa? Nimemwuliza nesi Uulkan. Kacheka. Wengine wanauliza watakula lini, mama, wewe unaulizia utumbo!

Baba Talant anasema kilikuwa kidonda tu, kimetolewa, yamekwisha. Anasema huku akitazama dirisha. Tangu tuoane mwanamume huyu hajawahi kunichana nywele. Leo kanichana. Polepole, kama anayeogopa kuamsha kitu.

Homa kidogo.

Jumatano, 8 Novemba

Damu tena. Wanaichukua kila asubuhi. Daktari Osmonaliev kanipapasa tumbo: mshono safi, vizuri kabisa. Kisha akasoma majibu ya damu na uso wake ukakunjamana. Nikamwuliza kuna nini.

"Mwili bado unawaka, mama. Baada ya kukatwa huwa hivyo. Mwako hupanda, kisha hushuka."

Wangu haushuki. Hilo hakulisema. Nimeliona.

Kitanda cha pili yupo Bibi Batma wa At-Bashy. Macho yamefunga ukungu, masikio makali kama ya paka. Leo wakati wa chakula cha mchana, jua limejaa chumbani, kaniambia: "Binti, mwambie mgeni wako akae kwenye kiti. Anakuchosha."

Mgeni gani?

"Huyo aliyekaa miguuni pako. Ananyosha mikono juu ya tumbo lako, anaota moto."

Hakuna mtu! Nimecheka mpaka mshono ukauma. Kisha nikakunja miguu. Bado nimeikunja.

Ijumaa, 10 Novemba

Mlango wa chumba chetu haushiki vizuri. Daktari na Baba Talant walikuwa nje, ukumbini. Naandika upesi kabla sijaanza kujidanganya.

Ni saratani. Wametoa yote waliyoiona. Tezi chache zilikuwa zimeguswa, lakini hilo, kasema daktari, si geni kwake. Linalomkosesha raha ni damu. Usaha hamna, mshono wa ndani haujavuja, picha wamepiga — na mwako uko palepale. Wanaobaki hivi, wengi wao ugonjwa huwarudia mapema kuliko wenzao. Wengi, si wote. Baba Talant akauliza: miaka mingapi?

"Mimi si mpiga ramli, kaka. Tupime tena akishapumzika nyumbani. Mwako ukishuka, tutaanza dawa za saratani za kudungwa mshipani, na hapo nitakuwa na la kukwambia."

Na usiposhuka? Hakuna aliyeuliza. Nilikaribia kuuliza mimi, kitandani hapa!

Kisha Baba Talant akasema nisiambiwe. Eti moyo wangu mwepesi. Moyo wangu! Mimi niliyemzalisha wifi yangu ndani ya lori kwenye kilele cha mlima Dolon, theluji ikigonga vioo.

Akaingia na tabasamu hadi masikioni. Daktari kafurahi sana, kasema. Nikajibu alhamdulillahi. Tukatazamana kama wageni wawili kituoni.

Saratani. Nimeliandika neno.

Alhamisi, 16 Novemba

Nyumbani, Naryn. Njia nzima mto wa kulalia umefungwa tumboni, kila shimo nalijua.

Wakati wa kuondoka Bibi Batma aliniaga. Alitazama juu ya bega langu na kusema: "Haya, nendeni salama." Nendeni. Baba Talant alikuwa ameshatangulia garini na mizigo. Nilikuwa peke yangu.

Leo Alhamisi, kwa hiyo mkwe wangu Meerim kakaanga boorsok, maandazi yetu, harufu ya mafuta iwashibishe marehemu waliotutangulia. Kila wiki tunafanya hivyo. Mimi vya kukaanga nimekatazwa. Nimekaa jikoni na kuvuta ile harufu tu. Nikaivuta, nikaivuta. Meerim akaniletea mchuzi, nikamwambia siuwezi, nimeshiba.

"Umekula nini, mama?"

"Hiyo harufu."

Mwiko umemponyoka ukatumbukia kwenye mafuta. Na mimi ndipo nikasikia nilichosema. Lakini ni kweli. Nilikuwa nimeshiba.

Jumapili, 19 Novemba

Wageni, wageni. Hata Sonunbubu, ambaye hatujasemezana tangu tugombane kwa ajili ya mfereji wa maji. Kaja na siagi, kanilalia begani akilia. "Ulikuwa jirani mwema sana." Ulikuwa! Kajishtukia: uko, yaani, u jirani mwema. Nimempa chai. Wote wanakunywa chai yangu wakinitazama mikono, si uso.

Mchana nimesikia la farasi. Kila mwaka baridi ikikaza tunachinja mmoja, nyama ya kutufikisha mpaka masika. Huyu jike mwekundu ndiye wa mwaka huu. Shemeji Kubat kasema uani, chini ya dirisha langu, kwamba safari hii wasiharakishe kumchinja. Baba Talant: ndiyo, tungoje.

"Tungoje mpaka lini, kaka?"

Kisha nikasikia Baba Talant akipenga kamasi.

Msiba nao unataka farasi. Nani asiyelijua hilo?

Walipoondoka nikaenda zizini. Yule jike kanenepa, manyoya yanang'aa. Kanitazama kwa muda mrefu, pumzi yake ikitoka kama moshi. Tumetazamana. Sijui nani alikuwa akimhurumia nani. Kisha akarudisha kichwa horini na kuendelea kula.

Jumatano, 22 Novemba

Homa. Shati limelowa. Nilisimama uani bila shali na sikuona baridi. Nesi wa zahanati kachukua damu, imepelekwa mjini kwa daktari.

Mdogo wangu Toktobubu kaja kukaa nami. Kachoma matawi ya mreteni, kazungusha moshi kila pembe ya nyumba kufukuza mabaya. Kila pembe ulipanda. Kitandani kwangu ulilala chini, kama umekanyagwa. Toktobubu kasema ni upepo wa mlangoni. Mlango ulikuwa umefungwa.

Nimemwuliza: ningekuwa na ugonjwa mbaya, ungeniambia?

"Dada, kunywa mchuzi."

Jumamosi, 25 Novemba

Toktobubu kaenda kukamua. Simu yake aliiacha juu ya cherehani yangu. Ikaita. Jina: Daktari. Kumbe namba waliyompa ni ya huyu, si yangu!

Nimepokea.

"Toktobubu?"

Sauti zetu hata marehemu mama alikuwa akizichanganya. Nimesema ndiyo.

Majibu ya damu anayo, kasema. Anamalizana na mgonjwa, atapiga tena sasa hivi. Nikae mahali peke yangu, nisisikiwe na mtu. "Mgonjwa yuko wapi?"

"Mgonjwa amelala," nikasema.

Nimelisema kwa wepesi! Kisha nikageuka kutazama kitanda. Blanketi limeinuka katikati, kama liko juu ya mtu. Nadhani ndivyo nilivyoliacha nilipoamka. Sijaenda kuligusa.

Nimefunga mlango. Kiti nimekisogeza dirishani. Nitauliza kama mdogo mtu anavyomwulizia dada yake: mwako umeshuka? Dawa ataziweza? Miaka mingapi? Nisilie. Toktobubu angelia, lakini mimi nisilie. Au nilie, ili asinishtukie?

Ndoo imelia uani. Anamaliza.

Inaita.

"Dada! Hiyo simu ni yangu?"

"Hapana," nimemjibu. "Ni yangu."