Jina Lililorukwa Msikitini

Jumatano, 3 Rabiulawal
Mjumbe wa Sultani kafika kutoka mji wa Van, vumbi hadi kwenye kope. Kaletewa mtindi na jibini ya majani, hakugusa. Nilichungulia nyuma ya pazia — mtu wa safari ndefu vile, hataki kula? Kaka yangu Zeynel, Mir wetu, mtawala wa hapa, kamuuliza habari za Istanbuli. Eti shwari. Nikapeleka swali kuhusu mwanangu Shemdin, anayeitwa mgeni wa ikulu kule. Mgeni gani haruhusiwi kurudi kwao? Ni rehani ya utiifu wetu. Eti mzima, anajifunza kulenga kwa mishale. Kajibu haraka mno.

Alhamisi, 4
Nimelipata jibu! Mtumishi wa mjumbe kamnong'oneza mpishi wetu: Sultani amefariki. Nani kakalia kiti? Hajui, au hasemi. Nimezunguka nyumba nzima nikiwaza maiti ya mtu mkubwa vile inafichwaje.

Na kesho ni Ijumaa. Mela Bapir, mhubiri wetu, kaja mbio kwa kaka. Kwenye dua ya kumwombea Sultani amtaje nani? Akimtaja marehemu, kamdharau aliyepo. Akibahatisha mrithi, shingo yake. Kaka kamwambia aseme "Sultani wetu" tu, jina alimeze, kisha amtaje yeye Mir kama kawaida. Mela akauliza, na mjumbe atakaa safu ya mbele? Kaka: kwani unamhubiria mjumbe? Nilicheka. Mela hakucheka.

Ijumaa, 5
Nilikuwa juu, upande wa wanawake. Mela alifika kwenye dua, akakohoa, akamtazama mjumbe — akapotewa na maneno. Sultani hakumtaja kabisa. Akarukia kwa kaka, akamwombea Mir Zeynel peke yake. Hata watoto wa hapa wanajua maana yake: tumejitoa chini ya dola. Woga wa mzee mmoja, na tumeasi!

Amina haikusikika. Mjumbe aliswali hadi mwisho, akavaa viatu, akaagiza farasi wake atandikwe.

Sasa kaka yuko mlangoni pangu. Anasema tukimwacha aende, hakuna maelezo yetu yatakayomtangulia Istanbuli. Tukimfungia lango, uasi utakuwa wa kweli, na Shemdin ndiye atakayelipa.

"Dada, mtoto ni wako. Sema wewe."

Naogopa. Huko chini mjumbe anauliza kwa upole kwa nini lango halijafunguliwa. Kaka ananiambia niweke kalamu chini nimjibu.