Kikohozi Tulichokiita cha Unga

Dada Tekla,

Nilitaka kuanza kama tulivyofundishwa shuleni, mimi mzima, hofu kwako. Nimeshindwa. Wewe umeshapumzika, na mimi sijui kama ni mzima. Wiki ya tatu hii nakohoa hata nikiwa nyumbani.

Jana mwanao Fausta naye alikohoa. Nilipomuuliza ana nini, akanijibu bila hata kuniangalia, "Ni unga tu, mama mdogo." Mtoto hajawahi kukanyaga mashineni! Nikalia mbele yake.

Ni maneno yako hayo. Pale mashine ya kusaga wote tunakohoa, unga mpaka kwenye kope, nani angeshtuka? Ulikuwa unanitania kwamba mimi nakohoa kama mzee wa pombe na wewe kama bibi harusi. Nikacheka, nikakuamini, kwa sababu ilinifaa kuamini.

Majibu yako yalitoka siku mbili baada ya kukuzika kule kijijini Mollo. Kifua kikuu. Nesi akasema dawa zake ni bure. Bure, dada. Kilichotushinda ni ile siku moja ya kwenda kupima mapema, maana kibarua akikosa siku, kesho yake anakuta mwenzake ameshika ungo wake. Bosi anasema hakumkataza mtu kwenda hospitali. Kweli, hakukataza.

Nesi aliuliza kama chumba chetu kinapitisha hewa. Baridi ya Juni ilipoanza, ni mimi niliyeziba dirisha kwa kiroba, tukalala watatu kitanda kimoja tukipumuliana. Nisamehe.

Nesi aliagiza nimpeleke Fausta, na mimi nipime. Mwezi wa pili huu nasema kesho, kesho. Naogopa kukosa kazi, na naogopa majibu.

Sasa basi. Asubuhi tunakwenda. Nafasi yangu mashineni nimempa Mama Deus, yule jirani anayeshinda getini akisubiri kuitwa. Alifurahi mno, akanishika mikono yote miwili kunishukuru, huku akikohoa. Nikakosa ujasiri wa kumwambia kitu.

Nakuahidi, Fausta atameza dawa zote atakazopewa, hata kama itabidi nimkimbize kuzunguka nyumba. Na tukitoka huko nitampitia Mama Deus, nimpeleke na yeye, akasirike asikasirike.

Kwaheri, dada yangu. Huko uliko, pumua vizuri.

Mdogo wako,
Yustina