Kopo la Penseli la Oresta

Oresta wangu,

Mwanao Neema yuko njiani. Amenipigia simu basi liliposimama Madaba abiria wachimbe dawa, yaani wajisaidie, anasema akishuka stendi anapanda bodaboda moja kwa moja hadi hapa kwangu Bombambili. Anakuja kuchukua kile kitabu chetu cha kupaka rangi. Nimeona nikuambie wewe kwanza, shoga yangu, kabla sijamwambia yeye.

Unakumbuka kilivyofika? Neema alikituma kutoka Njombe, akasema hiki ni cha watu wazima, kinatuliza mawazo. Tulicheka mpaka machozi. Mume wangu alipotukuta mkekani tumeinamia maua na penseli, akauliza kama tumerudishwa chekechea. Ukamjibu, "Shemeji, ukitaka kujiunga, lete sare."

Kila Jumapili baada ya misa, wewe ukurasa wa kushoto, mimi wa kulia. Wewe fundi cherehani hukutoka nje ya mstari hata mara moja. Mimi nilipaka majani bluu, ukaniita mharibifu. Na kweli tulitulia jamani. Unanijua nilivyo, pikipiki ikifunga breki barabarani mimi tayari nimeshazika watoto wangu wote. Lakini nikishika penseli, hofu ilikaa pembeni mpaka ua liishe.

Halafu ukaja na kipimo chako cha presha. Maana sote wawili tulikuwa nayo, sote tulipewa vidonge kliniki. Tukawa tunapima kabla ya kupaka na baada ya kupaka, ikishuka tunagongeana mikono. Na mdomo wangu huu, Oresta! Mimi ndiye niliyesema, "Ona, imeshuka yenyewe. Vidonge vya nini tena?" Nilikuwa natania. Ulicheka, ukaendelea kuchonga penseli. Sikukuuliza kama bado unameza.

Ulianguka ukiwa kwenye cherehani, mguu bado uko kwenye pedali.

Siku ya kuanua matanga, mdogo wako Skola aligawa vitu vyako. Kanga zikaenda kwa shangazi zako, sufuria kubwa kwa wifi. Kopo la penseli akanipa mimi, akasema, "Dada Beata, hili ni lenu wawili." Nilipofika nyumbani nikazimwaga penseli kitandani nizichonge. Chini kabisa, chini ya vumbi la rangi, nikakuta vidonge vyako. Pakiti baada ya pakiti, hakuna hata kimoja kilichotobolewa. Kumbe ulikuwa unakwenda kliniki, unavipokea, unarudi unavitia humo.

Nilikukasirikia sana. Wewe mtu mzima, mwenye akili zako, utani wa Beata ndiyo dawa? Halafu nikajikasirikia mimi, na hiyo mpaka leo haijaisha. Hata mimi vyangu nilikuwa navirukaruka. Sasa nameza kila asubuhi, na kila nikimeza nakuona wewe. Rangi sijagusa tangu siku hiyo.

Sikumwambia mtu. Niliona nikusitiri, watu wasije wakasema ulijiua kwa uzembe. Na nijisitiri na mimi pia, niseme ukweli.

Ila Neema ana mimba ya miezi sita, Oresta. Na presha imempanda. Wiki iliyopita alinipigia akauliza, "Ma'mdogo, Mama alikuwa anameza dawa zake?" Nikajibu haraka haraka, "Alimeza, mwanangu. Hakuacha hata siku moja."

Kisha akasema, "Basi mimi zangu naziacha. Kama yeye alimeza na zikamshinda, zitanisaidia nini mimi? Nitapaka rangi, si mlisema inashusha?"

Yesu na Maria! Nilitaka kumwambia ukweli, sikuthubutu. Nikamwambia tu, njoo ukichukue kitabu.

Sasa anakuja. Nimefagia uani mara tatu. Nitaanzaje? Ataniuliza kwa nini nilimdanganya. Atasema mimi ndiye niliyemuua mama yake. Labda hataniita Ma'mdogo tena. Nimempenda tangu ulipokuwa unambeba mgongoni, Oresta, naogopa kumpoteza na yeye.

Kitabu nimekifungua mezani, kwenye yule tausi tuliyemwacha katikati. Shingo ya upande wako imekamilika, bawa limeishia nusu. Mkia wangu mimi ni vurugu tupu kama kawaida.

Pumzika, rafiki yangu. Nisamehe neno lile. Na hili nakuahidi. Kitabu nitampa, akipenda amalizie bawa lako, kwa maana raha yake ni ya kweli, hatukuiota. Lakini kopo kwanza. Nitalimwaga hapa mezani mbele yake, vidonge vyote avione, nimwambie nilichokuambia wewe na nilichomdanganya yeye. Akitaka kunichukia, anichukie akiwa mzima.

Pikipiki imefunga breki hapo nje. Anapiga hodi. Naweka kalamu, nashika kopo.

Beata wako