Mwili Ulivyoanza Kuniamini Tena

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimekula yai. Zima, kiini na vyote. Nimekaa nalo mezani mpaka chai ikapoa, na mama mdogo anajitia hamnazo, anakunja nguo ambazo zilishakunjwa jana. Mwaka mzima nimekuwa nikitoa kiini na kukiweka pembeni ya sahani kama mwiba wa samaki. Leo kimepita kooni. Sikufa.

Sababu ya yai: wiki iliyopita nilianguka kando ya bwawa la kuogelea. Nilikuwa nafundisha watoto wa darasa la pili kupiga mateke, wameshika ukingo, nikainama kumnyoosha mmoja mguu – nikaona weupe. Nilipofumbua macho nimelala juu ya vigae, mwokoaji ananipepea kwa ubao wa kujifunzia kuelea. Meneja hakugomba. Aliuliza tu, ungekuwa ndani ya maji na wale watoto ingekuwaje?

Mpaka daktari aridhie, sigusi maji. Nimepangiwa dirisha la taulo. Mwalimu wa kuogelea, nagawa taulo.

Alhamisi, 6 Machi

Nimeenda kwa mtaalamu wa lishe, daktari ndiye kanielekeza. Nilitegemea kukuta mtu mwembamba mwenye orodha ya vyakula vya kuogopa. Nimekuta baba mtu mzima, ana kitambi chake, kalamu sikioni. Akanipa mkono kunisalimia na hakuuachia.

"Mikono yako huwa hivi siku zote?"

"Hivi vipi?"

"Kama imetoka kwenye friji."

Nikamwambia nalala na soksi hata kipindi cha joto. Akauliza nywele – zinajaa kwenye chanuo. Usingizi – wa mang'amung'amu. Kizunguzungu nikisimama? Ndiyo. Hasira za bure? Ndiyo. Nikawa naitikia kama mtu anayesomewa mashtaka.

Kisha akaeleza jambo ambalo bado linanizunguka kichwani. Kumbe nilipokuwa najinyima, mwili haukukaa bure. Ulipunguza moto wake. Ukatoa joto mikononi, ukaziacha nywele zikatike, ukapoza mapigo ya moyo, ili kile kidogo ninachokula kitoshe kunifikisha kesho. "Umekuwa ukizima taa vyumba vya nyuma," alisema, "ili ya sebuleni isizimike."

Nilidhani naushinda. Na wenyewe muda wote ulikuwa unanibeba, kimyakimya, bila kunidai shukrani.

Nimerudi nyumbani kwa miguu, nautazama mkono wangu kama wa mtu mwingine.

Masharti yake: tuanze polepole, damu ipimwe kila wiki, maana mwili uliokaa na njaa haushtukizwi. Milo mitatu na kitu kidogo katikati, hata nisipojisikia. Na mizani ya nyumbani iondoke. Mama mdogo ameifunga kwenye kanga kuukuu na kuipeleka sijui wapi. Sikuuliza. Nilitaka sana kuuliza.

Jumapili, 16 Machi

Tumbo ngoma. Miguu imevimba, raba zinabana. Sasa ndiyo nini? Nimejikaza kula wiki nzima, malipo yangu haya?

Nililia bafuni, bomba nimefungulia ili nisisikike. Nikasikika. Mama mdogo akanipokonya simu, akampigia mtaalamu, akaweka sauti ya nje.

Baba wa watu hakushtuka. Alisema niende kesho asubuhi aniangalie ile miguu, lakini nisikimbie chakula. Mtu aliyekatiwa maji muda mrefu, alisema, siku yakitoka bombani anajaza kila kitu – ndoo, sufuria, mpaka vikombe vya wageni. Ndivyo mwili wako unavyofanya. Utaacha ukishaamini kwamba hayakatiki tena.

Mpaka vikombe vya wageni! Mama mdogo alicheka akakaa chini kwenye sakafu ya korido. Nami nikacheka, kamasi zinanitoka.

Nimelala kitandani naufikiria mwili. Unaweka akiba kwa sababu hauniamini. Nani angeniamini?

Jumanne, 25 Machi

Njaa imekuja.

Siyo ile ya zamani ninayoijua, ya kichwa kuuma na kujivuna. Hii imetoka chini kabisa. Nilikuwa namkabidhi mteja taulo, tumbo likanguruma mpaka akatazama nyuma yake. Nikala chakula changu cha mchana. Nikala na ndizi ya saa kumi. Nilipofika nyumbani nikasimama jikoni na mkate wa kesho, naukata, naukata, mpaka ikabaki ile ncha.

Niliogopa. Nilijiambia hapa ndipo ninapopotea, hii haitakoma. Lakini mtaalamu alishasema: njaa ikirudi, usiifukuze, imetoka mbali.

Sasa niseme kuhusu ile ndizi. Nimekula ndizi maisha yangu yote. Leo ndiyo nimejua kwamba ina harufu kabla ya ladha, na ladha kabla ya utamu, na utamu wenyewe unabaki mdomoni baada ya kumeza. Nilisimama pale dirishani nimeshika ganda kama mjinga. Mwenzangu, mwalimu wa zamu ya jioni, akauliza kama nimepata habari mbaya.

Jumatano, 2 Aprili

Amekuja mama mmoja dirishani, mkubwa, sauti inatangulia. Akaomba taulo mbili. Nikamwambia kila mtu moja. Akasema, "Mwanangu, moja inanifunika bega." Nikampa mbili.

Ameendesha malori mpaka juzi alipostaafu. Anasema amevuka mito yote kwa madaraja na hakuna hata mmoja aliowahi kuugusa kwa mguu, sasa zamu imefika. Wote hapa tumeshamwita Mama Lori, naye ameridhia.

Mwenzangu ndiye aliyemfundisha. Nilitoka dirishani nikasimama kutazama. Mama Lori alikuwa ameshika ngazi kama usukani kwa woga. Mwenzangu akamwambia, lala chali, legeza shingo. Akaguna, akalala. Na maji yakampokea. Hakupiga mkono, hakupiga mguu. Tumbo juu, vidole vya miguu juu, uso unaangalia dari na umeanza kutabasamu polepole, kama mtu anayeambiwa jambo zuri sikioni.

Nimefundisha watu kuelea miaka yote hii na sikuwahi kuliona jambo lenyewe. Mwaka jana mimi nilikuwa nazama. Nilikuwa nikilala chali miguu inashuka, kiuno kinafuata, napiga teke ili nibaki juu, na nikajiambia ni uchovu. Kumbe niliutupa mwenyewe mwili unaoelea.

Ijumaa, 11 Aprili

Keshia wa hapa bwawani kaniambia, "Mwalimu, umenawiri." Kwa mapenzi kabisa. Kwa meno yote.

Na suruali yangu ya kazini imegoma kufunga kifungo.

Chakula cha mchana nimekirudisha nyumbani kama kilivyo. Usiku nimesema nilikula kazini.

Jumamosi, 12 Aprili

Nimeamka baridi. Vidole vyeupe. Siku moja tu, na taa zimeanza kuzimwa.

Hilo ndilo lililonitisha kuliko kifungo. Jinsi mwili unavyonisikia haraka. Kila ninachoufanyia, unajua.

Nikaenda jikoni nikamwambia mama mdogo ukweli. Nilitegemea mahubiri. Aliwasha jiko, akapasha wali na maharage ya jana, akapakua sahani mbili, akakaa mbele yangu. Tulikula. Katikati akaweka kijiko chini.

"Mimi nilikusifia," alisema. "Ulipoanza kukonda nilikuwa naonyesha picha zako kwa watu. Nilisema mwoneni mtoto wa dada yangu, kama mwanamitindo. Na wewe ulikuwa unaniishia humu ndani."

Nikamwambia hakujua.

"Ukiinama nilikuwa naiona mifupa ya mgongo wako. Nilijua."

Hakulia, mimi pia sikulia. Aliniongezea maharage. Nikala. Kisha akaniletea suruali yake nyeusi, ile ya kuendea mikutano, tukaikunja upindo. Inanikaa vizuri kiunoni. Nimekaa, nimeinama, nimepumua mpaka chini – nilikuwa nimesahau kwamba pumzi hufika kule.

Jumamosi, 26 Aprili

Msusi amepiga kelele. Nilidhani ameniunguza. Kumbe amekuta nywele changa mstari mzima wa paji la uso, laini, zimesimama kama manyoya ya kifaranga. Akawaita wateja wengine waje waone. Wamekuja kweli, kichwa changu kimekuwa maonyesho.

Zilianza lini? Hakuna aliyeziamuru. Sikupaka kitu. Mimi nilikuwa nakula viazi na kunung'unika, na huko juu kazi inaendelea.

Nyingine: usiku natoka jasho. Soksi nimezirusha chini ya kitanda. Mtaalamu anasema tanuri limewashwa, acha lichome. Na vile vikombe vya wageni, anasema, mwili umeanza kuvirudisha kabatini – miguu haivimbi tena.

Bado kuna asubuhi mbaya. Jana nilibadilisha blauzi mara nyingi kabla ya kutoka, zote nikaziona za adui. Lakini nilikunywa chai na maziwa, nikala mkate, ndipo nikagombana na blauzi. Kwa mpangilio huo.

Alhamisi, 8 Mei

Daktari amesikiliza moyo wangu kwa muda mrefu mno. Nikaanza kuomba kimoyomoyo. Mwishowe akavua vile vya masikioni na kusema mapigo yamepanda, yanakwenda inavyotakiwa. Akauliza kama nataka kusikia. Sikuwahi kuulizwa hivyo. Nikaweka masikioni.

Ulikuwa pale. Du, du. Haukusita. Siku zote zile nilizoupa tango na maji, ulikuwa unapiga vilevile, taratibu, unanisubiri. Nilitaka kuuomba radhi mbele ya daktari. Nikaona aibu, nikasema asante, na sijui nilimwambia nani.

Ameridhia. Meneja anasema nianze na darasa la watu wazima, watoto baadaye, na niahidi nitakula kabla ya kila zamu. Mama Lori ameshaandika jina lake, anataka kujifunza kwenda mbele sasa, amechoka kuegeshwa.

Vazi jipya la kuogelea nimenunua. Namba sikuangalia. Mama mdogo alikata ile lebo kabla sijafika nalo chumbani.

Jumatatu, 19 Mei

Naandika nikiwa kwenye benchi la chumba cha kubadilishia. Darasa lilitakiwa kuwa limeanza.

Nilikuja mapema. Nimekula, kama nilivyoahidi. Nilivaa vazi jipya, nikajitazama kwenye kioo kirefu, mapaja, tumbo, mikono – nikasema haya, twende. Ndipo nikahisi tumbo linakata chini, maumivu ya zamani sana, nikaingia chooni, nikaona.

Damu.

Zaidi ya mwaka mmoja haijanijia. Daktari alisema huenda ikarudi, huenda ikachelewa, hakuahidi. Niliacha hata kuitegemea. Sikuwa na pedi kwenye mkoba, wala nyumbani, zimeshasahaulika. Nilikaa pale kwenye choo cha kazini nikiitazama kama msichana wa darasa la saba, na machozi yakaja, siyo ya huzuni, siyajui jina. Chumba cha nyuma kabisa. Mwili umekiwasha leo, asubuhi hii, bila kuniuliza ratiba yangu.

Mama Lori ameshabisha mara ya kwanza. "Mwalimu, una nini humo? Maji yatakauka."

Nikamwambia kupitia mlangoni. Ilibidi nirudie, sauti haikutoka.

Kisha akasema kwa sauti ambayo nadhani hata mwokoaji ameisikia: "Basi hongera, mama. Ngoja nikakutafutie."

Nasikia anamuuliza keshia. Keshia naye anauliza mtu mwingine. Meneja anauliza mbona darasa halijaanza, na Mama Lori anamjibu kwamba mwalimu amepata mgeni wa heshima, atulie. Nimeziba mdomo kwa taulo nisicheke.

Sijui kama leo nitaingia majini au nitafundisha nimesimama ukingoni. Sijui kama kesho nitaziweza zile blauzi. Tumbo linauma kwelikweli. Nimeliwekea kiganja, na halijaingia ndani, limejaa, lina joto, linafanya kazi yake.

Kandambili za Mama Lori zinarudi kwenye vigae. Anabisha –