Kasuku kwenye Suruali ya Polisi

Furaha mjukuu wangu,

Mko wazima huko Bukavu? Huku Johannesburg mjomba wako amepata binti, na sauti yake inashinda honi zote za Hillbrow.

Umeniuliza kwa nini nawashangilia polisi wa jiji wakiandamana kudai mishahara, na wao ndio wanaotufukuza sisi wachuuzi barabarani. Sikia basi.

Zamani, nilipokuwa bado natunga uzi bila miwani, nilishona nguo kando ya njia pale Marshalltown. Asubuhi ya maandamano kama haya, polisi mmoja alinijia ameshika suruali kwa nyuma. Ilikuwa imechanika. Na ndiye aliyenichukulia cherehani yangu, nikabaki na sindano ya mkono!

"Mama, nisaidie, wenzangu wanaondoka."

Nikamtazama weee. Kisha nikampa kitenge ajifunge, nikashona. Kitambaa cha buluu sikuwa nacho, kwa hiyo nikamtilia kiraka chenye kasuku mwekundu.

"Eish, mama!" Akakimbilia mkiani mwa msafara, asiwe na mtu nyuma yake. Lakini kwenye ofisi za jiji walikuta lango limefungwa, wakageuka kurudi, na sasa yeye ndiye akawa mbele. Kasuku akawaongoza polisi wote, wakiimba na kucheka, nasi wachuuzi tukawafuata tukicheza.

Miaka yote polisi alikuwa nyuma yangu. Siku ile mimi nilikuwa nyuma ya polisi, na hakuna aliyekimbia.

Koko wako akupendaye,
Mama Zawadi